Unaisi na Mguu wa Kaka Yake

"Mwambieni huyo wa mbele alegeze kamba!"

Unaisi alipaza sauti hiyo mkono mmoja ukiwa kwenye usukani na mwingine kwenye gia, boti ikiwa imebakiza upana wa mkeka kulifikia gati la Nasavu. Kati yake na huyo wa mbele palikuwa na magunia ya mbata, abiria waliobanana mabenchini, na mzee mmoja aliyepakata kuku. Mzee akamgeukia jirani yake.

"Kasema nini?"

"Kasema alegeze."

"Nani alegeze?"

"Huyo wa mbele."

"Alegeze nini sasa?"

Kamba ya mbele ilikakamaa, omo, pua ya boti, ikavutwa kwa nguvu na kwenda kulipiga gati kwa kishindo. Benchi la kwanza likamwaga watu juu ya benchi la pili. Kuku akaruka, akatua kwenye kapu la mihogo ya kuchemsha. Nyuma ya boti nayo, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kuizuia, ikachukuliwa na mkondo kuelekea baharini, na boti ikabaki imening'inia pale kama mlango ulioachwa wazi.

"Haya," alisema Unaisi, bila kumwambia mtu yeyote. "Tumefika."

Huyo wa mbele, aliyeifunga kamba hiyo kwa fundo zuri ajabu, alikuwa Peniasi, kaka yake wa tumbo moja. Na balaa lote lilikuwa hapo. Tangu Unaisi alipovunja ungo, yeye na Peniasi hawakuwahi kusemeshana. Hawakugombana, wala hakuna aliyemchukia mwenzake. Ilikuwa heshima tu. Kisiwani Vatukalo kaka hamsemeshi dada yake, na dada hamwiti kaka yake kwa jina. Kama kuna neno la lazima, linapitia kwa mtu wa tatu. Shambani jambo hilo halimsumbui mtu. Kanisani halimsumbui mtu. Nyumba zina milango miwili, na mtu wa tatu hakosekani. Lakini boti inayotia gati haina muda wa kumsubiri mtu wa tatu amalize kumenya chungwa lake.

Abiria walishuka wakisugua magoti na viwiko. Peniasi akashuka wa kwanza, akasimama gatini akiangalia mawingu. Unaisi akabaki kwenye usukani akiangalia upande wa pili, kama heshima ilivyotaka, huku moyoni akimpa kaka yake majina ambayo mke wa mchungaji hajawahi kuyasikia.

Kazi hiyo hakuianza jana. Mume wake, Waisale, alikuwa nahodha wa Senibua tangu boti ilipokuwa mpya, na Unaisi ndiye aliyekuwa akimshikia kamba. Kutoka kwake alijifunza kwamba kabla ya kulitazama gati, tazama maji yanavyopita kwenye nguzo zake, kwa sababu maji ndiyo yatakayokuambia uingie kwa upande gani. Waisale aliingia gatini akiukabili mkondo, polepole kiasi cha kuwakera abiria. Kwanza ilitoka kamba ya ubavuni, ile inayotoka karibu na omo na kurudi nyuma hadi kwenye nguzo ya gati. Hiyo ikishashika, usukani unageuziwa baharini, injini inasukuma kidogo tu kwenda mbele, na nyuma ya boti inajileta yenyewe ubavuni mwa gati, taratibu, kama ng'ombe anayerudi zizini. Kamba nyingine zinafuata baadaye. Hakuna anayeruka. Hakuna anayetoa mkono wala mguu nje.

Waisale alipofariki, wanaume wa kijiji walianza kuulizana nani achukue boti. Wakati wao wanaulizana, Unaisi alipanda meli kwenda Suva, mji mkuu, akafanya mtihani wa unahodha na kufaulu, akarudi na cheti, akawasha injini. Hawakuwa na la kusema. Au tuseme walikuwa nalo, wakaliweka.

Miaka yote ya unahodha wake kamba zilishikwa na Kitione, mtoto wa mjomba wake. Huyo alikuwa mtani wake, na kwa mtani hakuna mwiko. Kwa mtani ni matusi tu mchana kutwa.

"Legeza, we mbwa mwenye upele!" Unaisi alikuwa akipiga kelele.

"Nimeshalegeza, bibi kizee! Geuza huo usukani, au umelala?"

"Nimelala na bado nakushinda!"

Na Senibua ililala ubavuni mwa gati hata kikombe cha chai kisimwagike. Abiria walizoea. Watoto walijifunza matusi yao ya kwanza pale. Kisha Kitione akaenda New Zealand kuchuma matufaha, kama wanavyokwenda vijana wote wenye migongo mizima, na kamati ya boti ikakaa kutafuta mtu wa kamba.

Ikampata Peniasi. Alikuwa amerudi kutoka Suva, ambako alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye meli kubwa za mizigo. Meli kubwa ina watu wake wa kupokea kamba, ina redio, ina vitu vya kuisukuma na kuivuta. Kule Peniasi aliifunga kamba ya mbele kwanza na kuikaza, kwa sababu ndivyo alivyoamriwa, na aliifunga vizuri. Hakuna aliyemwambia kwamba boti ndogo inayotembea, ukiikaza kamba yake ya mbele, inakwenda na kichwa ukutani. Dada yake angemwambia. Dada yake ndiye mtu pekee kisiwani ambaye hakuweza kumwambia.

"Mmeliona hilo?" Unaisi alimuuliza Mzee Sakeasi, mkuu wa kijiji na mwenyekiti wa kamati, jioni ile ile walipompa kaka yake kazi.

"Boti si nyumba, Unaisi."

"Mwiko unajua tofauti ya boti na nyumba?"

"Mtazoeana."

"Tutazoeana vipi na hatusemeshani?"

Mzee Sakeasi alikohoa. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kufunga mkutano.

Siku ya kuku na mihogo ilikuwa mara ya pili kugonga. Mara ya kwanza kilivunjika kipande cha ukingo wa boti, na sanduku la sabuni la dukani likaenda majini. Basi walipowasili nyumbani Vatukalo, Mzee Sakeasi alikuwa anawasubiri gatini, mikono nyuma, msuli umepigwa pasi.

"Boti ni ya kijiji," alianza.

"Najua, mzee."

"Mbao za kuitengeneza tunazitoa wapi? Watu wamefika Nasavu wana nundu. Akina mama wanaogopa kupanda."

"Wanaogopa kamba ya mbele. Mimi pia naiogopa."

"Kamati imeamua. Boti ikigonga tena, usukani tunampa mtu mwingine."

Unaisi alimtazama. "Mtu mwingine nani?"

"Peniasi ana uzoefu wa meli."

Hapo alitaka kucheka, na hasira haikumruhusu. Miaka ile Waisale alipogonga, na aligonga, watu walisema ni upepo. Kitione aliwahi kuiangusha pikipiki ya mwalimu mkuu baharini wakati wa kushusha mizigo, watu wakasema ni utelezi. Yeye akigonga, si upepo wala utelezi, ni mwanamke. Na dawa yao ni kuchukua usukani kutoka kwa mtu anayejua na kumpa mtu anayegonga.

"Basi nipeni mtu mwingine wa kamba."

"Hayupo. Vijana wote wako kwenye matufaha. Lakini tumefikiria." Mzee Sakeasi aliinua kidole, akiwa na furaha ya mtu aliyebeba zawadi. "Tutakupa mtu wa tatu. Mmoja, maalumu, mwenye sauti. Atakaa katikati ya boti, na wewe utasema naye, naye atasema na Peniasi. Mama Mchungaji amekubali."

Mama Mchungaji alikuwa Laisani, kiongozi wa kwaya. Kweli alikuwa na sauti. Kosa lake lilikuwa moja tu: katika maisha yake yote hakuwahi kumwamuru mtu.

Safari ya kwanza naye, upepo ulikuwa mdogo na maji yametulia, na Unaisi akamshukuru Mungu kwa hilo. Walipokaribia gati alisema, "Kamba ya ubavuni kwanza! Ya mbele aiache!"

Laisani akasimama, akarekebisha kofia yake, akafungua mdomo.

"Bwana Peniasi, habari za saa hizi? Nahodha anakusalimu sana, na anauliza, kama si usumbufu, ungeweza kuanza na ile kamba ya ubavuni..."

"Mama Mchungaji! Haraka!"

"...na anaongeza kwamba hana nia mbaya, ila tu ana haraka kidogo..."

"Aiache ya mbele!"

"...na ile nyingine ya mbele, ambayo umeishika kwa uzuri sana..."

Peniasi alikuwa ameshairusha. Kilichowaokoa siku hiyo ni kwamba Unaisi, kwa kuona mambo yanavyokwenda, alirudisha injini nyuma mapema, na boti ikasimama mbali na gati kiasi kwamba abiria waliruka na vikapu vyao kama mbuzi wanaovuka mtaro. Haikugonga, kwa sababu haikufika.

"Tumekwenda vizuri," alisema Laisani.

"Mama, mimi nimesema maneno matatu."

"Lakini huwezi kumwambia mtu mzima maneno matatu, mwanangu. Anajisikiaje?"

"Atajisikia vizuri akiwa na miguu miwili! Mwambie tu 'legeza'. Mwambie 'acha'. Na mwambie avae viatu, asitembee peku kwenye omo."

Laisani aliahidi kujitahidi. Alijitahidi. Safari iliyofuata alifupisha salamu, akaacha kuulizia watoto. Bado neno la Unaisi lilitoka mdomoni mwake likiwa kali na fupi kama msumari, likafika kwa Peniasi limefungwa kwenye kitambaa chenye maua. Kila walipotia gati Unaisi alirudi nyumbani na taya linamuuma. Alikula magimbi yake kimya. Alimjibu vibaya paka. Alilala akiona kamba ya mbele inakakamaa.

Ukombozi, kama ulistahili jina hilo, ulikuja bila kuitwa. Walikuwa wanaingia Nasavu na shehena ya mbata, na kamba ya ubavuni ikanasa chini ya mguu wa benchi. Peniasi aliivuta, haikuja. Akavuta tena. Unaisi aliiona kutoka nyuma, na siku hiyo hakuwa na subira iliyobaki hata ya kumtafuta Laisani kwa macho. Aliitukana kamba. Aliitukana yenyewe, kwa dhati, kama mtu anavyotukana jiwe lililomkwaza.

"We kamba mpumbavu! Legea huko! Rudi nyuma kidogo, pita chini ya benchi, halafu uende! Nani alikufundisha kunasa?"

Peniasi akailegeza kamba, akairudisha nyuma kidogo, akaipitisha chini ya benchi, akaipeleka gatini.

Mikono yake ilibaki hewani kwanza, kama ya mtu aliyejiona anafanya jambo asilolijua.

Unaisi akaegemea usukani.

"Kamba ya ubavuni," alisema, polepole, macho kwenye kamba na si mahali pengine popote, "jizungushe kwenye nguzo ya pili. Mara moja tu. Usijifunge. Wewe wa mbele, tulia hapo ulipo, hujaitwa."

Kamba ya ubavuni ikajizungusha kwenye nguzo ya pili. Kamba ya mbele ikatulia. Unaisi akageuza usukani kuelekea baharini, akaisukuma injini kidogo, na nyuma ya Senibua ikajileta yenyewe hadi ubavu wote ukalala gatini juu ya matairi yake ya kukinga. Haukusikika mgongano. Mzee wa kuku, ambaye alikuwa amekumbatia nguzo ya paa kwa mikono miwili, alifumbua jicho moja.

"Vipi, hatufiki leo?"

"Tumeshafika, mzee."

"Acha utani!"

Laisani alikuwa bado amesimama na kofia yake. "Na mimi? Sikusema kitu."

"Kaa, Mama Mchungaji. Kula chungwa."

Tangu siku hiyo Unaisi aliongea na kamba, na aliongea nazo kama mtu aliyefungwa mdomo miaka mingi. Alizisema uvivu wao, akili zao, mafundo yao ya kujionyesha ya meli kubwa. "Wewe wa mbele unajikaza kwa ajili ya nani? Kuna mchumba wako gatini?" Abiria walianza kupigania mabenchi ya karibu. Peniasi hakujibu kwa siku kadhaa. Kisha asubuhi moja aliinama juu ya tairi lililoning'inia ubavuni na kulipigapiga.

"Tairi," alisema kwa sauti ya kutosha, "jiandae. Usukani leo unakuja na haraka zake, sijui umechelewa kuamka."

Boti nzima ilicheka. Unaisi aliwaka hadi masikioni. Kisha akatazama maji kwenye nguzo na kuona kwamba kweli alikuwa anakuja kwa kasi. Akapunguza, huku akinung'unika kwamba tairi halina cheti cha unahodha.

Ikawa hivyo. Na ingeendelea kuwa hivyo kama kamati isingeamua kwenda Nasavu yote kwa pamoja kwenye mkutano wa jimbo, siku ya upepo wa kusini-mashariki.

Walikaa benchi la mbele, Mzee Sakeasi katikati, misuli yao imenyooka kwa pasi, kila mmoja na mkoba wa majani ya mkindu magotini. Upepo ulikuwa unatoka baharini na kusukuma kila kitu kwenye gati, na maji yalikuwa yanapwa kwa nguvu. Unaisi aliyaona yanavyochemka kwenye nguzo alipokuwa bado mbali. Alizunguka ili aukabili mkondo, akaja polepole, akiuachia upepo kazi ya kumsogeza pembeni.

"Anachelewesha," alisema mjumbe mmoja.

"Kamba ya ubavuni, jiandae! Matairi, mko wapi? Tairi la kati limepanda juu, lishuke!"

Hilo tairi la kati ndilo lililoleta neno. Kamba yake ilikuwa imejiviringa kwenye ukingo, na Peniasi alipojaribu kuishusha haikushuka. Mbele yake walikuwa wamekaa wakubwa wote wa kijiji wakimtazama. Upepo ukaisukuma boti. Pengo kati ya ubavu na gati likawa la hatua moja, likawa la nusu hatua, na nguzo ya zege ikawa inakuja pale ambapo tairi halikuwepo. Peniasi akafanya kile ambacho kila mwanamume wa visiwa vile hufanya akiona boti inakwenda kugonga, kile ambacho kimewaachia nusu yao mwendo wa kuchechemea. Alikaa kwenye ukingo na kunyoosha mguu wake nje, peku, aizuie boti ya tani kadhaa kwa kisigino.

Unaisi aliuona mguu. Hakuna kamba ambayo ungeweza kuiambia jambo hilo. Hakuna tairi. Laisani alikuwa amekaa katikati ya magunia, na kwa Laisani kuna salamu kwanza.

"Mguu!" alipiga kelele hata gati zima likageuka. "We mguu mjinga! Toka hapo! Rudi ndani! Sasa hivi!"

Mguu ukarudi ndani. Unaisi akairudisha injini nyuma kwa nguvu zake zote, tairi la kati likadondoka lenyewe kwa mtikisiko, boti ikajilaza juu yake, ikakwaruza kidogo, ikatulia. Ukingo ulisugua nguzo pale pale kisigino kilipokuwa, na rangi nyeupe ikabaki kwenye zege.

Hakuna aliyesema asante. Mzee Sakeasi alikuwa ameshika mkoba wake kama mtu aliyeona kaburi linafunguka.

"Umemsemesha kaka yako," alisema.

Kikao kilifanyika kesho yake mchana katika ukumbi wa kijiji, watu wote wamekaa kwenye mikeka. Unaisi alikaa karibu na mlango wa wanawake. Peniasi alikaa upande wa pili, amekunja miguu chini ya msuli, ameinamisha kichwa. Unaisi alikuwa amejiandaa kutetea gati, upepo, mkondo, kila kitu alichokijua. Hakuna aliyeuliza.

"Boti haikugonga," alisema, alipopewa nafasi. "Hilo mmeliona?"

"Hatuzungumzii kugonga," alisema Mzee Sakeasi.

"Mlisema nikigonga mnachukua usukani. Sikugonga."

"Tunazungumzia mwiko. Kamba tulisikia, tukanyamaza. Kamba haina ukoo. Tairi halina ukoo. Lakini mguu una ukoo, Unaisi. Mguu ule ni wa baba yenu."

"Kwani mguu ni mtu?" aliuliza mzee wa kuku, aliyekuja kwa sababu hakutaka kukosa.

"Ukikanyagwa mguu, nani analia?" alisema mjumbe mmoja. "Mwenyewe. Basi mguu ndiye mwenyewe."

"Ukikata kucha unakuwa umejipunguza?"

"Ulikuwa na kiatu?" aliuliza mjumbe mwingine, akiinua kichwa ghafla. "Kama ulikuwa na kiatu, alikiambia kiatu, na hakuna kesi."

"Ulikuwa peku," alisema Laisani kwa huzuni. "Nilimwomba avae viatu. Labda sikusisitiza."

Unaisi aliwasikiliza, na kitu ndani yake kikawa kinapanda kama maziwa jikoni. Watu wazima, wajomba zake, watu aliowavusha na kuwarudisha na harusi zao na misiba yao, walikuwa wanajadili kama mguu ni mtu. Nusu inchi ya rangi bado ilikuwa kwenye nguzo ya Nasavu. Wangekwenda kuitazama wangejua wanachokizungumzia. Hakuna aliyetaka kwenda kuitazama.

"Peniasi," alisema Mzee Sakeasi. "Je, ulisemeshwa?"

Peniasi aliutazama mkeka.

"Mimi sikusemeshwa," alisema. "Mimi nilikuwa nashughulikia tairi. Mguu ndio uliosemeshwa. Niliuona tu unarudi."

Kicheko kilianzia kwa wanawake na kuzunguka ukumbi. Mzee Sakeasi alisubiri kiishe. Hakukohoa, na hiyo ilikuwa mbaya.

"Vizuri. Kama ni mguu uliosemeshwa, basi ni mguu uliokosewa. Unaisi ataleta kava, mizizi ya kinywaji chetu cha heshima, na kuuomba mguu msamaha, leo, hapa. Asipoleta, kesho usukani unakwenda kwa mwingine. Nimemaliza."

Unaisi alitoka nje. Alitembea hadi nyumbani akiongea peke yake, kwa sauti, na watu aliopishana nao walimpisha. Ameuokoa mguu, na sasa auombe radhi! Angewaachia boti yao. Angewaachia leo hii, waone Peniasi atakavyowagonga hadi wajifunze kuogelea. Alifika nyumbani na kusimama katikati ya chumba. Aliwaza asubuhi ya kesho: injini inanguruma kule chini, na yeye amekaa hapa anachambua majani ya magimbi, anasikiliza mtu mwingine anatia gia kwa kishindo. Akasema neno moja baya. Kisha akachukua fungu la mizizi ya kava lililoning'inia ukutani, lile aliloliweka kwa ajili ya Krismasi, na kurudi.

Alipiga magoti katikati ya ukumbi, akaweka kava mbele yake. Hakumtazama kaka yake. Alitazama pale msuli ulipotuna.

"Mguu," alisema, na sauti yake ilitetemeka, si kwa unyenyekevu. "Nimekuja kukuomba radhi. Nilikupigia kelele mbele ya watu. Nilikuita mjinga. Nisamehe. Wewe ni mguu wa baba yangu, na ningependa uzeeke ukiwa na vidole vyako vyote. Kwa hiyo sikiliza. Boti haizuiwi kwa mguu. Boti inazuiwa kwa tairi na kwa injini, na kama vyote vimeshindwa, iache igonge. Mbao tutapata nyingine. Wewe hatupati mwingine. Ukitoka nje tena, nitakuita majina ambayo kava ya kisiwa kizima haitayamaliza. Naomba upokee."

Kava ya msamaha lazima ipokewe. Aliyekosewa huigusa na kusema neno. Watu wakaanza kutazamana, kwa sababu wote walifika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kunyoosha mguu mbele ya wazee ni utovu wa adabu. Kuigusa kava kwa mguu ni jambo ambalo hakuna aliyewahi hata kulifikiria.

"Mguu upokee," alisema mzee wa kuku, akifurahia.

"Usinyooshe!" alifoka Mzee Sakeasi, kwa maana Peniasi alikuwa amejisogeza. "Kaa hivyo hivyo!"

"Sasa utapokeaje?"

Peniasi akautoa mkono wake, akaushika mguu wake juu ya msuli, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Kisha akanyoosha mkono ule ule na kuigusa kava, akapiga makofi mazito ya viganja vilivyokunjwa, kama desturi ilivyotaka.

"Mguu umenituma," aliuambia mkeka. "Unasema umepokea. Unasema umesamehe na hiyo 'mjinga' pia, maana ilikuwa kweli. Na unaomba jambo moja. Siku nyingine uitwe mapema kidogo. Ulisikia jana ukiwa umeshachelewa."

Unaisi alikuwa bado amepiga magoti. Alijikuta anatazama mikono yake, na hakujua aiweke wapi.

"Mwambieni mguu nimesikia," alisema.

"Mguu umepokea," alisema Mzee Sakeasi kwa uchovu, kama mtu aliyepanda kilima kisicho chake. "Usukani ubaki ulipo. Twangeni hiyo kava."

Asubuhi iliyofuata Mzee Sakeasi alishuka gatini mwenyewe kuwatazama wakitoka, na alasiri akarudi kuwatazama wakiingia. Upepo ulikuwa bado wa kusini-mashariki. Aliisikia sauti ya Unaisi kabla boti haijazunguka miamba.

"Mkono wa kulia, acha hiyo ya mbele! Bega, pungua, unanizibia nguzo! Kiwiko, ndani! Mguu, nakuita mapema, umesikia? Kaa!"

Mkono ukaiacha ya mbele. Bega likapungua. Senibua ikaukabili mkondo, ikaja polepole kiasi cha kukera, na Mzee Sakeasi akasimama pale na mikono nyuma, akijaribu kuhesabu ni kipande gani cha Peniasi kilichokuwa bado mwiko.